Kikapu cha Mama na Leseni Yangu

Jumapili, 28 Julai

Kesho naanza. Blauzi nimeipiga pasi mara mbili.

Nijikumbushe nimetoka wapi, maana kesho nitasahau hata jina langu. Ornella Scarfone, miaka kumi na sita saluni, Sydney Road hapa Melbourne, naosha vichwa vya watu. Siku moja mteja akaniambia Kiitaliano chako kitamu, kwa nini hufundishi? Nikacheka. Wiki hiyohiyo nikaenda chuo kuulizia. Sijui nani aliniroga! Nikamalizia digrii niliyoiacha njiani. Halafu uzamili wa ualimu. Halafu mtihani wa taifa wa kusoma na hesabu — wa hesabu nilianguka, nikarudia, nikaponea chupuchupu. Halafu mtihani wa mdomo wa Kiitaliano, watu watatu wamenikodolea macho utadhani nimeua. Polisi nao wakapekua jina langu, hawakuona kitu ila faini ya kuegesha gari.

Limebaki hili tu. Wiki za mazoezi ya kufundisha, na siku moja Daktari Quayle wa chuoni aje akae nyuma ya darasa anitazame. Akisema nimefaulu, baraza la walimu linanipa leseni. Akisema sijafaulu — narudi kwenye beseni la kuoshea nywele. Na miaka thelathini na tisa hii!

Nafasi ipo. Mwalimu Donatella anastaafu Desemba, na mwalimu mkuu keshatamka: lete leseni, darasa ni lako.

Mama yuko gereji anabonyeza salami, soseji zake za kukausha, kwa kidole gumba. Zimening'inia tangu Juni. Bado, anasema, Jumapili ijayo. Anaongea nazo kwa upole kuliko anavyoongea na mimi.

Jana fundi bomba alipita jikoni, Mama ana kijiko mdomoni. Akamwambia palepale: Favorisca! Ndiyo karibu yetu hiyo. Huwezi kumeza mbele ya mtu bila kuitamka, hata kama ni mwizi kaingia dirishani. Na mtu hukataa mara ya kwanza, ndiyo adabu, kisha anabembelezwa, ndipo anakaa. Fundi, kijana wa watu wa Kiingereza, hakujua. Akavuta kiti mara moja, akafyeka sahani nzima. Mama alifurahi mpaka akaanza kuimba.


Jumatatu, 29 Julai

Mwalimu Donatella Brusaferro. Mfupi, mnene, sauti ya honi ya lori. Yupo hapa Coburg miaka mingi lakini bado ni mtu wa Treviso kabisa, Italia ya kaskazini. Nilipomwambia Mama, akasikitika. Watu wa kaskazini hao, mwanangu. Wanakula ugali.

Watoto wa darasa la tatu! Wananuka penseli na ndizi. Nimewapenda kabla sijafungua mdomo. Nikawafundisha wanyama kwa picha. Ng'ombe, punda, sungura. Wakanifuatisha vizuri, mimi kichwa kimevimba.

Baadaye Donatella akaniketisha. Nikaanza kuomba samahani kwa mwandiko wangu ubaoni. Akanikatiza: tangu lini mwalimu akamwomba ubao msamaha? Halafu akasema hawa wanajua wanyama arobaini na hawajui kuomba maji. "Ng'ombe watamwonea wapi hapa Coburg, binti yangu? Wape kitu cha kutumia leo."

Ameniuma. Amesema kweli.


Alhamisi, 1 Agosti

Rangi leo. Nao wakasinzia! Declan alilala kabisa, na mate.

Mkebe wangu wa chakula, kama kawaida ya Mama, una sandwichi mbili. Moja yako, moja ya yeyote. Ya yeyote leo aliila Donatella. Akafumba macho. "Mwambie mama yako namsamehe kwa kuzaliwa kusini."


Jumapili, 4 Agosti

Salami ya kwanza imekatwa. Ee bwana! Shamari, pilipili, mafuta kiasi chake. Mama alinipa kipande kwa ncha ya kisu, akasubiri uso wangu useme.

Halafu akaanza maswali. Huyo Daktari anakuja lini? Jumatano. Ameolewa? Sijui. Ana watoto? Sijui, Mama. Anakula nini? Mama! Nitajuaje?

Akanisimulia tena mayai. Kijijini kwao, Pasaka ikifika, kila mtoto alimpelekea mwalimu mayai kwenye kitambaa. Mwalimu haendewi mikono mitupu. Hadithi hii naijua kama Baba Yetu. Asichopenda kusimulia ni kinachofuata: alifika Melbourne ana miaka kumi, akakalishwa nyuma ya darasa bila kuelewa neno. Alipofika kumi na minne alikuwa anashona kola kiwandani Brunswick. Shule ikaishia hapo.

Na yale maswali yote? Mama haulizi bure!


Jumatano, 7 Agosti

Yamenikuta.

Niandike kwa utaratibu. Nilikuwa tayari. Andalio la somo nimelichapa, picha zangu za wanyama nimezipanga tena, watoto wamenyooka. Mlango ukafunguka. Mwanamke mrefu, nywele fupi za mvi, zimekatwa vizuri sana — jicho la saluni halifi — na mkononi ana kikapu. Kikapu chetu! Kile cha Pasaka, na kitambaa cha maua cha Mama juu yake.

Mama alikuja kwa tramu asubuhi akamwachia karani wa mapokezi. Salami mbili, chupa ya sosi ya nyanya, biskuti za lozi. Na kadi: Kwa Daktari, mtu mwema, kutoka kwa mama yake Ornella. Mtu mwema! Hajawahi hata kumwona!

Daktari Quayle akaniita nje ya darasa. Kiitaliano chake ni kile cha kusomea habari redioni. Hakuwa mkali. Ningeona nafuu angekuwa mkali. Alisema anasikitika, hawezi kunikagua tena. Zawadi ya familia kabla ya ukaguzi lazima aitolee taarifa. Kutakuwa na kikao, na kikao kitauliza kama mimi ni mtu wa mwenendo mwema. Kikisema hapana, hakuna leseni, hata nifundishe kama malaika. Akarudisha kikapu mapokezi, akaenda zake.

Nikaingia darasani. Nikafundisha mbele ya kiti kitupu. Yusra akanyoosha mkono: "Mwalimu, yule bibi hapendi wanyama?"

Nyumbani nililipuka.

"Mama, umempelekea rushwa!"

"Rushwa? Rushwa ni bahasha, we mtoto! Mimi nimepeleka chakula!"

"Hapa ni kitu kimoja."

"Hapa wapi? Nimekaa hapa miaka sitini, sijaona mtu kafungwa kwa salami!"

"Ulitaka nifaulu kwa tumbo lake, si ndiyo? Huamini naweza mwenyewe."

Alikuwa ameshika kitambaa cha sahani, anakikunja, anakikunjua. Kisha akasema kwa sauti ndogo, ile isiyo yake:

"Nilitaka ajue una kwenu."

Nikaenda chumbani nikabamiza mlango. Nina umri gani jamani?


Ijumaa, 9 Agosti

Mama haongei. Jana amepika tambi bila chumvi. Mama! Bila chumvi! Nimekula zote, na yeye ameniangalia nikila.

Shuleni kikapu kimegeuka kidhibiti. Hakuna anayetaka kuonekana amekigusa. Karani amebandika karatasi: USIGUSE. Mapokezi pote pananukia shamari. Mwalimu mkuu amepita pale leo mara nyingi kuliko kazi inavyomtaka, na mara moja nimemkuta ameinama anavuta pumzi.

Kikao ni Jumanne. Donatella ameniambia niseme ukweli tu, sikujua. Ni kweli sikujua! Lakini nikisema "sikujua, ni mama yangu," si nimemtoa kafara? Mtu asiyeelewa mambo, bibi wa zamani wa kijijini, msameheni. Nishaona jinsi watakavyotabasamu. Sitaki watabasamu hivyo.

Donatella akanicheka kidogo. Mwaka wake wa kwanza hapa, anasema, kila jioni alikuta maboga madogo juu ya boneti ya gari lake. Hakujua ni mzazi yupi aliyaacha. Alipika supu ya maboga mwezi mzima, akilia kwa kukumbuka kwao.


Jumanne, 13 Agosti

Siwezi kulala bila kuandika hii, na bado ni mchana!

Barua ilisema naweza kuja na mtu mmoja wa kunitia moyo. Nilitaka Donatella. Asubuhi natoka, namkuta Mama mlangoni na koti lake jeusi la misa, mkoba kifuani. "Twende." Nikasema Mama, si lazima. Akasema kikapu ni chake, miguu ni yake, twende.

Chumba kidogo, meza ndefu. Mwenyekiti wa kikao, mzee wa miwani, pamoja na Daktari Quayle, na katikati ya meza — salami za Mama ndani ya mfuko wa plastiki, na lebo.

Mama alikuwa amenywea tangu kwenye tramu. Anawaogopa wasomi, anaona Kiingereza chake kibovu na Kiitaliano chake cha kijijini kibovu zaidi. Lakini alipouona ule mfuko!

"Nani ametia salami kwenye plastiki? Inapumua hiyo! Mtaiua!"

Mwenyekiti akatazama mfuko utadhani utamjibu. Nikamwambia Mama akae. Hakukaa.

Mwenyekiti akamuuliza kwa adabu alitaka nini kwa Daktari Quayle. Mama akajibu kwa Kiingereza chake, polepole, bila kuniangalia. Alisema Daktari alikuwa anakwenda kumwangalia mwanawe kazini karibu na saa ya chakula. Mtu akija kwako ana njaa utamwacha? Mwenyekiti akasema, lakini mama, unaelewa kwa nini inaonekana kama kuhonga? Mama akamkazia macho.

"Ningetaka kumhonga, ningempa ile ya shingo! Hii ni ya mgeni yeyote tu. Hata fundi bomba akirudi nampa hii!"

Ile nyama ya shingo ni capocollo. Inakaa kwenye kona yake gerejini mpaka harusi au kifo. Mwenyekiti hakuelewa. Lakini Daktari Quayle alielewa! Aliinamisha kichwa, mabega yanamtikisika. Alipoinua uso macho yalikuwa mekundu. Akakiambia kikao kwamba alisoma Perugia, Italia, ujana wake, na mama mwenye nyumba alimlisha kila siku bila kuulizwa. Akasema taarifa ameitoa kwa kuwa sheria ni sheria, na angeitoa tena. Lakini kwa maoni yake hapakuwa na nia mbaya hapa.

Zamu yangu. Nilikuwa nimejiandikia maneno. Nikayaacha. Nikasema sikujua kuhusu kikapu, lakini mama huyu ndiye aliyenifundisha Kiitaliano kabla ya chuo chochote, na sioni aibu kwa lolote lililotoka jikoni kwake. Nikakaa.

Uamuzi: nikaguliwe upya, tarehe ishirini na mbili, na mkaguzi mwingine. Sharti moja. Mimi na familia yangu tusimpe mkaguzi kitu chochote, hata peremende. Likivunjwa, basi, hakuna nafasi nyingine. Mama akaapa kwa Mtakatifu Rita, mkono hewani, pale pale.

Kwenye tramu akanishika mkono. Mikono yake mikavu, ina harufu ya vitunguu saumu isiyotoka hata kwa ndimu. Nampenda mpaka inaniudhi.

Salami wamebaki nazo. Wanasema ni za jalada.


Jumapili, 18 Agosti

Nimekwama na somo. Wanyama? Hapana. Rangi? Mungu anisitiri.

Nilimwomba Mama awe mwanafunzi nifanye mazoezi. Akavua aproni. Akakaa wima mezani, mikono imekunjwa mbele yake. Nikaanza somo la vyumba vya nyumba. Akanyoosha mkono: mwalimu, naomba kwenda chooni. Nikamruhusu. Akaenda kweli! Akarudi, akanyoosha tena: mwalimu, Declan amenipiga. Tulicheka mpaka akashika ubavu.

Halafu, tumetulia, akaniuliza kama mimi ni mwalimu mzuri. Nikasema sijui. Akasema yeye anajua. Darasani kwake hapa Melbourne, yule mwalimu hakuwahi kumwuliza jina. Wewe dakika ya kwanza umeniuliza jina, na jina langu unalijua!

Nikageuka kuosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa.

Njaa ikamshika, akamega mkate. Nimesimama tu pale, na kabla hajautia mdomoni, bila kufikiri, akanisogezea: karibu. Nami bila kufikiri nikasema asante, hapana. Akasogeza tena. Nikachukua.

Hilo hapo! Somo langu hilo hapo! Wape kitu cha kutumia leo, alisema Donatella. Watoto wana mikebe ya chakula kila siku! Kila mmoja na chakula cha kwao. Watajifunza kukaribisha, kukataa kwa adabu mara ya kwanza, kubembeleza, kupokea, kushukuru. Nimeandika andalio zima juu ya karatasi ya mkate.


Jumatano, 21 Agosti

Mkaguzi anaitwa Bwana Trevisan. Anatoka Shepparton, mbali huko, ataondoka kwake alfajiri. Nilimtajia Mama jina. Nikasubiri.

Hakuuliza kitu. Hata kama ameoa! Akaendelea kumenya viazi, midomo ameibana. Nilimwonea huruma.


Alhamisi, 22 Agosti

Naandika nikiwa chumba cha walimu, dirishani. Siwezi kukaa bure.

Nimefundisha. Sijui nimefundishaje. Bwana Trevisan ni mzee mkavu, nyusi nene, tai ya kahawia. Alisema habari za asubuhi na kukaa nyuma, kisha akaandika, akaandika, akaandika. Watoto walipiga kelele kuliko nilivyopanga. Declan akamwaga maji juu ya andalio langu. Nikasahau kabisa sehemu ya kufunga somo na kupima kama wameelewa — kengele ikalia, mimi bado nasema! Hiyo sehemu ina alama zake. Donatella ameniambia usijali, kwa ule uso wa mtu anayejali.

Lakini walikuwa wanakaribishana! Yusra na mkate wake wa zaatari, ule wa ufuta na viungo, Declan na jibini lake la nyuzinyuzi. Favorisca! Hapana, asante! Tafadhali, kidogo tu! Wengine walikataa kwa madaha utadhani mabibi harusi.

Trevisan akatoka na faili lake. Amekaa kwenye korido anamalizia taarifa yake. Nilipopita nilisikia tumbo lake. Kweli kabisa, linanguruma! Mtu ameendesha gari tangu alfajiri. Akaniuliza kama kuna duka karibu. Nikasema lipo, mbali kidogo. Nikafika hapa, nikafungua mkebe wangu.

Sandwichi moja.

Moja! Maisha yangu yote hajawahi. Mama ametii. Nimeikodolea macho hiyo nafasi tupu pembeni yake, nashindwa kuila hata hiyo yangu.

Watoto wako nje kwenye mabenchi wanakula, Donatella anazunguka. Bwana Trevisan ametokea mlangoni, faili kwapani, anaelekea kwenye gari lake. Lazima apite pale kwenye mabenchi.

Mungu wangu. Yusra amesimama.

Ameinua mkate wake, nusu, kwa mikono miwili. Nasikia mpaka huku. Favorisca! Na sasa wote, benchi zima, mikebe juu, kila mtu anapiga kelele, favorisca, favorisca, Declan amepanda juu ya benchi! Hakuna aliyewaambia. Donatella amejishika mdomo, ananitafuta dirishani.

Asipewe kitu chochote, hata peremende. Sharti lilisema mimi na familia yangu. Hawa ni familia yangu? Nimefika mpaka mlangoni niwazuie. Nimerudi. Nikitoka kuwazuia nitakuwa nimewafundisha nini?

Trevisan anatikisa kichwa. Mkono kifuani. Hapana, asante. Anawaambia kwa Kiitaliano, nasoma midomo yake. Kwa sababu ya sheria, au kwa sababu mtu hukataa mara ya kwanza? Sijui. Sasa amenigeuzia kisogo.

Yusra hajashusha mikono. Anamsogezea tena. Tafadhali, kidogo tu.

Bwana Trevisan ameweka faili chini.